Mara ya Tatu Hakuita

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nilisifiwa kwa jambo moja tu, nalo ni kutogeuka. Hesabu zilinishinda, na kufagia nilifagia vibaya. Lakini nikiwekewa bakuli la maji kichwani na kuambiwa nitembee, nilitembea, na kelele yoyote iliyopigwa nyuma yangu haikunigeuza shingo. Bibi yangu alijivunia hilo mbele ya majirani. Mimi nalichukia hadi leo. Naandika haya polepole kwa sababu mwezi uliopita nilimzika mama yangu, na hasira niliyo nayo sitaki inipeleke mbio.

Tulikaa Mengo, kwenye nyumba ya vyumba viwili na ua nyuma. Tulikuwa watano: baba, mama, mimi, mdogo wangu Ramadhani, na mama yake baba, ambaye kwa Kinubi tulimwita Haboba. Sisi ni Wanubi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia neno Wanubi pamoja na miaka ile ya utawala wa jeshi, hudhani wameshajua yaliyobaki. "Ninyi mlikula wakati ule," huniambia. Nimeambiwa hivyo hospitalini, nimeambiwa hivyo hata matangani. Baba yangu alikula nini? Alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori huko Nakivubo. Alikula gurusa, mkate wetu mwembamba wa Kinubi, na bamia, chakula ambacho mimi mwenyewe nilimpelekea kila siku saa sita mchana, kichwani, kimefunikwa kwa kawa ya rangi aliyosuka Haboba.

Kutoka Mengo hadi kwenye karakana ya baba unateremka, halafu unavuka daraja dogo la mfereji wa Nakivubo. Huo mfereji ndio uliokuwa na habari zake. Haboba aliamini kwamba waliokufa maji humo, waliosombwa na mvua kubwa za zamani na wasipatikane, hukaa chini ya daraja. Jua linapofika utosini na kivuli chako kikajificha chini ya nyayo, huanza kuita watu kwa majina.

"Wanaita kwa sauti ya mtu unayempenda," alisema. "Ukigeuka, umekwenda nao. Usigeuke, usiitike. Lakini sikiliza vizuri, mjukuu wangu. Wafu wanaita mara mbili tu. Mtu aliye hai mwenye pumzi yake ataita mara ya tatu. Ukisikia ya tatu, hapo geuka."

Mama hakupenda maneno hayo. Alisema si ya dini. Haboba alimjibu kwamba dini anaijua, na mfereji pia anaujua.

Basi akanifundisha. Kila jioni baada ya alasiri alikaa kwenye mkeka na ukili wake, anasuka. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la maji limejaa hadi ukingoni. Kazi yangu ilikuwa kutembea hadi kwenye ua wa mabati na kurudi bila kumwaga tone. Kazi ya Ramadhani ilikuwa kunivuruga, na Mungu alikuwa amemjalia kipaji hicho.

"Zainabu, kuna nyoka."

Nikatembea.

"Zainabu, sketi yako imefunguka, watu wote wanaona."

Nikatembea. Majirani walikuja kuangalia kama wanaoangalia mpira.

"Zainabu, baba amekuletea viatu. Vyekundu. Basi navaa mimi."

Hapo maji yalimwagika, na Haboba akanirudisha mlangoni nianze upya.

Namna yake ya kufundisha sijaikuta kwa mtu mwingine, na nimesikia walimu wengi. Hakuniambia nisisikie. Alisema masikio hayana mlango, yatasikia tu. Aliniambia nichague kitu kimoja mbele yangu, msumari mmoja kwenye bati, nikioshe kwa macho hadi kingʼae. Kila hatua niseme Subhanallah kimoyomoyo. Siku moja inzi alitua kwenye shavu langu, akatembea hadi kwenye kona ya jicho. Nikataka kutikisa kichwa.

"Usimfukuze," Haboba alisema bila kuinua macho kwenye ukili. "Ukimfukuza umemwaga maji. Mwache atembee. Ana safari yake, na wewe una yako."

Nikamwacha. Akatembea, akaruka, akaenda zake. Baadaye nilielewa kwamba hata fikra ni hivyo. Inakuja, inatembea usoni, na usipoishika inaondoka. Mafunzo hayo yalikuwa mazuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Kama yangekuwa ya kipuuzi ningeyasahau.

Baba alilelewa na mwanamke huyo huyo, kwa bakuli hilo hilo, kwa hiyo kanuni aliijua kuliko mimi. Ilikuwa mchezo wetu wakati wa kula. Aliniita kwa sauti ya chini, "Zainabu." Mimi nikakazia macho sahani. "Zainabu." Nikatafuna. Halafu alikaa kimya muda mrefu sana, akinywa chai, akimuuliza mama bei ya sabuni, mpaka shingo ilianza kuniwasha. Mwishoni akasema "Zainabu" tena, nami nikageuka haraka, na wote tukacheka. Sijui kama kuna watoto wengi ambao baba zao walicheza nao kwa kunyamaza.

Mwaka huo Wahindi walikuwa wamekwisha fukuzwa. Mhindi mwenye karakana aliondoka na masanduku mawili, na karakana akapewa askari mmoja ambaye hakujua turubai lina pande ngapi. Vitu vyote vilivyokuwemo vikawa vyake. Kimoja hakikuwa cha karakana. Cherehani kizito cha kushonea turubai alikinunua baba kwa jasho lake, kidogo kidogo kwa miaka minne, na karatasi ya Mhindi alikuwa nayo. Askari akasema cherehani ni chake. Baba akasema hapana, akaonyesha karatasi. Hayo tu. Nimewasikia watu waliosoma wakieleza kwa nini watu walipotea wakati ule, siasa, makabila, mipaka. Baba yangu alipotea kwa sababu ya cherehani.

Siku hiyo nilichelewa kidogo. Bamia ilikuwa haijaiva, na nilipoanza kuteremka kivuli changu kilikuwa kimeshaingia chini ya miguu. Nilipokaribia daraja nilifanya kama nilivyofundishwa. Upande wa pili kulikuwa na nguzo ya simu yenye kibati kilichopinda. Nikakichagua hicho kibati. Nikaanza kukiosha kwa macho. Subhanallah, hatua. Subhanallah, hatua. Pembeni kulikuwa na wauza nyanya, wauza makaa, makondakta wakiita abiria, nami sikumwona hata mmoja wao.

Nikiwa katikati ya daraja nikasikia, nyuma yangu, sauti ya chini.

"Zainabu."

Ilikuwa sauti ya baba. Miguu ilitaka kusimama. Nikakumbuka kwamba baba hatoki karakanani saa sita, hajawahi kutoka, na kwamba wao huita kwa sauti ya unayempenda. Nikakaza macho kwenye kibati.

"Zainabu."

Hii ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na ilikuwa karibu. Jasho lilinitiririka hadi mdomoni. Nikajiambia, ngoja ya tatu. Mtu mwenye pumzi ataita mara ya tatu. Nikatembea. Nikasikia gari likisimama kwa ghafla, milango ikifunguliwa, mtu akisema kitu. Milango ikafungwa, gari likaondoka. Niliyasikia yote hayo kama inzi. Nikayaacha yatembee.

Ya tatu haikuja.

Nilivuka daraja nikiwa na furaha. Naliandika hilo kwa sababu nimeapa kusema kweli. Nilivuka nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Karakanani, kwenye kiti cha baba, alikaa yule askari. Alikuwa amevaa kiraia, miwani ya jua kichwani, mguu mmoja ameuweka juu ya cherehani. Baba hakuwepo. Mwenzake baba, Mkenya aliyeitwa Wekesa, Mkristo, mtu wa utani mwingi, alikuwa amekaa chini akishona kwa mkono, na siku hiyo hakuwa na utani wowote usoni.

"Hii toto ya nani?" askari akauliza.

Nikafungua mdomo. Wekesa akaniwahi.

"Yangu, afande. Nekesa, mbona umechelewa hivyo? Unataka nife njaa?"

Nilimtazama. Jina si langu. Mtu si baba yangu. Chakula si chake. Lakini kitu kwenye macho yake kilinishika shingo, nikatafuta haraka cha kukitazama, nikaona sindano aliyoishika. Nikaitazama sindano.

"Mama alichelewesha mboga," nikasema.

"Toto yako na wewe hamufanani," askari akasema.

"Amefanana na mama yake, afande. Ndiyo bahati yake."

Askari akacheka. Wekesa akafunua kawa, akanawa, akaanza kula chakula cha baba. Alikula chote, akimeza kwa shida, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba. "Sasa peleka hii sufuria nyumbani. Pita njia ya juu. Usipite darajani."

Nikaenda. Sikukimbia, wala sikugeuka. Hata leo nikikumbuka siku hiyo najua kwamba mafunzo ya Haboba yaliniokoa mlangoni pale. Mara moja yaliniokoa na mara moja yaliniua, katika muda usiofika robo saa. Mwenye kuweza kuyatenganisha ayatenganishe. Mimi nimeshindwa.

Nyumbani nilimkuta Haboba peke yake uani. Mama alikuwa kisimani. Nilimweleza habari ya darajani kwanza, kwa sababu kwangu ndiyo iliyokuwa kubwa.

"Wameniita, Haboba. Kwa sauti ya baba."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Na wewe?"

"Sikugeuka."

Akasema Alhamdulillahi, akaniinamia, akanibusu kichwani. Akafungua ncha ya shuka alimofunga vitu vyake, akanipa kipande cha halua alichokuwa amekitunza tangu Idi. Nikala. Nilikuwa nalamba vidole nilipoanza kumweleza kuhusu Wekesa na jina la Nekesa, na kiti cha baba, na ule mguu juu ya cherehani. Nikaona mikono yake imesimama kwenye ukili. Aliniangalia vidole.

Jioni, kabla ya magharibi, Wekesa alikuja. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa, akasema na mama kwa maneno machache. Asubuhi ile ile, alisema, askari alikuwa amekuja na watu wake kuchukua cherehani. Baba alitoka kwa mlango wa nyuma, akamwambia Wekesa, "Nakwenda kumzuia mtoto asifike hapa." Watu wa makaa walimwambia Wekesa kwamba gari jeupe lisilo na namba lilimchukua mzee mmoja karibu na daraja saa sita. Walimtia kwenye buti. Watu wote waliona, na walipoondoka wakaendelea kununua nyanya.

Mama alinishika mabega. "Wewe ulipita hapo. Hukumwona?"

"Sikumwona."

"Hakukuita?"

Nyuma yake Haboba alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Alitikisa kichwa, mara moja tu, polepole.

"Sikusikia mtu," nikasema.

Uongo huo niliubeba karibu miaka hamsini. Haboba aliubeba miwili tu, halafu akafa. Katika miaka hiyo miwili hakusuka tena wala hakuniita kwa jina langu. Akinitaka alipiga kofi kwenye mkeka. Ilibidi nimwogeshe alipougua, na sikuwahi kumwambia kwamba namchukia, kwa sababu sikuwa na uhakika ni yeye ninayemchukia. Mama yeye alikwenda kila kambi, kila ofisi, akasimama kwenye milango ambayo walimfukuza kwa kitako cha bunduki. Cherehani alikiona. Kilikuwa pale pale karakanani, kijana mwingine anakiendesha. Baada ya hapo mama akawa mtu wa kugeuka. Tukitembea barabarani, mwanamume yeyote akiita mtu yeyote, mama aligeuka. Nilitembea kando yake, macho mbele, na kila alipogeuka nilijua ni mimi ninayemgeuza.

Leo nafundisha wasichana Kurani, mtaani kwetu. Imamu wetu ni mtu mwema, na hapendi swala ya macho kuzurura. Mara kadhaa amewaambia wanawake, "Mtazameni Bi Zainabu anavyoswali. Paa likianguka hageuki. Hiyo ndiyo khushui, moyo kutulia mbele ya Mungu." Wananitazama kwa heshima. Na mimi, nikiwa kwenye mkeka nimekaza macho mahali pa kusujudia, nachemka. Nataka kuwauliza wanadhani niliipata wapi. Mungu ananisamehe au ananingoja, sijui, lakini kuna siku nimesoma Fatiha nzima kwa hasira, neno kwa neno, bila kukosea.

Mwezi uliopita mama alifariki. Siku ya tatu ya matanga aliingia mwanamke mzee sana, Muganda, akishikiliwa na mjukuu wake. Watu walimwita Nalongo, maana alizaa mapacha. Alikaa chini karibu yangu kwa taabu.

"Kitalo, mwana," alinipa pole kwa Kiganda, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha sokoni. "Wewe ndiyo ile toto ya kawa ya rangi?"

Nikasema sikumwelewa.

"Mimi nilikuwa nauza makaa pale kwa daraja. Baba yako alijificha nyuma ya magunia yangu. Alikuwa amejificha vizuri. Wale watu walipita na gari mara mbili, hawakumwona. Angekaa pale mpaka jioni, ningemfunika na gunia, angeenda zake."

"Kwa nini alitoka?"

"Wewe ulipita. Hukumwona, ulikuwa unatazama mbele kama askari wa gwaride. Alikuita kwa sauti ndogo, akiwa bado nyuma ya makaa. Hukugeuka. Akatoka nje, akaita tena. Ndiyo gari likamwona."

Nalongo alinishika mkono, mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu.

"Wakamuuliza, 'Unaita nani?' Wewe ulikuwa darajani, hapo hapo, ningeweza kukupiga na kipande cha makaa. Nikaona amefungua mdomo. Nikasema moyoni, sasa ataita tena, toto itageuka, watachukua wote wawili. Akafunga mdomo. Akawaambia, 'Siiti mtu. Nimefananisha.' Halafu akageuza uso, akatazama upande ule mwingine, kwa stendi ya mabasi, ili wao pia watazame huko. Hakukuangalia tena. Walimtia kwa buti akiwa anatazama huko."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama. Niliuliza kwa sauti iliyowafanya wanawake wengine wanyamaze. Miaka yote hiyo mama alikuwa hai, anageuka barabarani kama mwendawazimu, na mtu huyu alikuwa anauza makaa.

"Niliogopa," Nalongo akasema. "Nilikuwa na watoto wawili mgongoni. Halafu ile serikali ikaondoka, na mimi nikaona haya kusema kwamba nilinyamaza. Wewe unajua haya hiyo?"

Nilitaka kumfukuza. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini alikuwa ameniuliza swali, na swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa na miaka kumi, na halua mkononi. Najua, Nalongo. Nikamwambia mjukuu wake amletee chai.

Sijatulia. Mtu asidhani kwamba kuujua ukweli kumeniponya. Nina hasira na yule askari, ambaye nasikia alikufa mzee, kitandani kwake. Nina hasira na Haboba aliyewaogopa wafu wa mferejini, ambao hawajawahi kumdhuru mtu, na kunifundisha kujilinda nao, wakati waliokuwa wakituwinda walipanda gari mchana kweupe na kuvaa miwani. Nina hasira na mtoto yule wa miaka kumi, ingawa nikimwona mtoto wa umri huo leo naona ni mdogo kiasi gani. Lakini najua sasa kwamba ya tatu haikukosekana kwa sababu walimziba mdomo. Alikuwa nayo mdomoni. Alijua kabisa kwamba akiitoa nitageuka, maana ndivyo tulivyocheza mezani, na akakaa nayo. Alishika mafunzo ya mama yake kuliko mimi. Mimi nilizuia shingo. Yeye alizuia jina la mwanawe.

Wasichana ninaowafundisha bado nawaambia wachague mahali pamoja pa kutazama, na inzi wamwache atembee. Ila nimeongeza jambo. Nawaambia swala yenyewe, baada ya utulivu wote ule, inatuamuru mwishoni tugeuke. Hatuondoki mkekani bila kugeuza uso kulia, kisha kushoto, na kuwatakia amani walio pembeni yetu, tunaowaona na tusiowaona.

Nageuka kulia, nasema assalamu alaikum. Nageuka kushoto, nasema tena. Tangu mwezi uliopita, huko kushoto nachelewa. Wasichana wameshasimama, wanakunja mikeka, wananingoja. Mimi bado nimegeuka.